Bata mzinga wa senti 49 yuko wapi? Shangazi anajibu

Ikifika Novemba barua za ndugu zetu walioko Marekani zinajaa hapa kwa Shangazi, na mwaka huu karibu zote zinauliza kitu kimoja, bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani, hiyo wanayoiita Thanksgiving, anunuliwe wapi na kwa bei gani. Nimechagua chache ambazo zinawawakilisha wengine. Mambo ya viungo na oveni tutayaongea siku nyingine, leo ni hela tu. (Na paundi humu ni ya uzito, chini kidogo ya nusu kilo.)

*Shikamoo Shangazi. Niko Minneapolis, mwaka huu wakwe na mawifi wote wanakuja kula kwangu, na watoto tutakuwa kama kumi na wawili hivi. Nikaona tangazo la supamaketi, bata mzinga senti 49 kwa paundi, nikakimbia nikabeba mmoja wa paundi 16, kufika kwa keshia napigiwa dola 1.79 kwa paundi! Nauliza naambiwa mama soma tangazo vizuri. Nikamwacha pale pale kaunta nikatoka. Sasa Shangazi hiyo senti 49 ipo kweli au wanatuchezea? Na bei nzuri naipata wapi?*
*Mkwe Mwenye Wasiwasi*

Marahaba mwanangu. Bei ipo, tena ya kweli kabisa, ila ina masharti na wewe ulifika nayo kwa keshia bila kuyatimiza, wala sio wewe peke yako.

Ngoja nikueleze kwanza kwa nini inakuwepo, manake ukishaelewa hapo mengine yote yanakuwa rahisi. Duka likiuza bata mzinga senti 49 kwa paundi halipati faida, mara nyingi linakula hasara kwa kila bata anayetoka mlangoni. Yule bata ni chambo. Wanajua ukishaingia kumfuata utatoka pia na viazi, siagi, mikate, krimu, soda, karatasi ya fedha ya kufunikia, trei la kuokea ambalo hukulipanga, na huko ndiko wanakorudishia hela yao. Ndio maana bata mzinga anaweza kuwa ghali kwa mfugaji na akawa rahisi dukani wiki hiyo hiyo. Ushahidi huu hapa, shirika la wakulima la American Farm Bureau Federation kila mwaka tangu 1986 linapiga hesabu ya mlo wa sikukuu hii kwa watu 10, na bata wao ni wa paundi 16 kama wako. Mwaka 2022, mafua ya ndege yameshaingia mashambani, bata huyo alikuwa dola 28.96. 2023 akawa 27.35, 2024 akashuka 25.67, na 2025 wakamkuta kwa dola 21.50, wakati bei ya jumla, ile ambayo maduka yenyewe yananunulia, mwaka huo ilikuwa imepanda! Nani kabeba hiyo tofauti? Maduka yenyewe, kwa hiari yao, ili uingie ndani.

(Na usidhani hii biashara ya kuvuta wateja imeanza juzi. Mwaka 1939 Novemba ilikuwa na Alhamisi tano, sikukuu ingeangukia ile ya mwisho, wenye maduka wakalia kwamba msimu wa manunuzi ya Krismasi utakuwa mfupi, Rais Roosevelt akairudisha nyuma wiki moja. Majimbo mengine yakakubali mengine yakagoma, ikawa vurugu ya miaka miwili hadi Bunge lao mwaka 1941 likaweka sheria kwamba ni Alhamisi ya nne ya Novemba, basi.)

Sasa masharti. Chukua lile tangazo usome yale maandishi madogo chini ya picha, utakuta moja au mawili kati ya haya. Kwanza kadi ya mteja ya duka, bila namba yako ya simu kwenye mashine bei ni ile ya kawaida. Pili kuponi ya kwenye apu, hii ndo inawaumiza wengi sana, manake haitoshi kuwa na apu, lazima uiguse ile kuponi iingie kwenye akaunti yako kabla hujalipa, na kama simu inakusumbua nenda kaunta ya huduma kwa wateja uwaombe wakuwekee, mara nyingi wanakubali. Tatu kiwango cha manunuzi, yaani bei hiyo ni kwa aliyenunua vitu vingine vya dola kadhaa siku hiyo hiyo, na pombe na kadi za zawadi kwa kawaida hazihesabiwi humo. Nne mmoja kwa kila familia. Tano inakuwa ni ya chapa fulani tu, ya waliogandishwa tu, wa uzito fulani tu, we ukachukua wa jirani yake kwenye friza ile ile wanafanana kabisa lakini bei nyingine. Naamini wewe lilikupata la pili au la tatu.

Hapo kwenye sharti la manunuzi ndipo pa kupigia hesabu, chukua kalamu. Paundi 16 kwa senti 49 ni dola 7.84. Paundi 16 kwa dola 1.79 ni 28.64. Umeokoa dola 20.80, safi. Lakini tuseme duka linataka ununue vitu vya dola 50, na ni lile duka la bei za juu ambalo siku zote hulikanyagi, vitu vile vile kwenye duka lako la kawaida ungevipata kwa dola 38. Basi dola 12 umeziacha huko, akiba yako imebaki 8.80, toa na mafuta ya gari ya kwenda na kurudi. Bado ni faida lakini sio ile uliyokuwa unaishangilia. Kwaiyo fanya hivi, hizo dola 50 zijaze na vitu ambavyo bei yake haipishani sana duka hadi duka na ambavyo haviozi, mchele, sukari, unga, mafuta ya kupikia, sabuni ya kufulia, vitu ambavyo ungenunua tu hata kama sikukuu isingekuwepo. Matunda, nyama na yale ya kwenye mabango ya kung'aa vipitie mbali. Andika listi nyumbani, ukishafikisha kiwango geuza toroli.

Na kuna maduka yanakusanya manunuzi yako kuanzia Oktoba, ukifikisha kiwango fulani unapewa bata bure au karibu na bure. Wengi wanafikisha bila hata kujua. Fungua apu ya duka unaloenda kila wiki uangalie umefika wapi, labda bata wako ameshalipiwa zamani na hujui.

Muda je? Vipeperushi vya maduka vinabadilika kila wiki, na ofa kali zinaanza kutoka kama wiki mbili tatu kabla ya sikukuu. Usisubiri ile wiki yenyewe ukifikiri itashuka zaidi. Bei inaweza kubaki ile ile lakini wanaobaki kwenye friza ni wale majitu ya paundi 22 na 24, na hapo "nafuu" inakuwa unalipia nyama ambayo hata oveni yako haiwezi. Kanuni wanayotumia wenyewe ni paundi moja mbichi kwa kila mtu, ukitaka makombo ya kesho basi moja na nusu. Watu 12 na wengine ni watoto, paundi 14 zinatosha, lakini mwanangu hao ni wakwe, utawafungia vya kwenda navyo, hutawafungia? Chukua huyo huyo wa 16 au hata 18.

Jambo la mwisho ni kuyeyusha, manake huyu wa bei chee karibu siku zote amegandishwa kama jiwe, na akikushinda kuyeyuka utajikuta Alhamisi asubuhi unanunua kitu kingine kwa bei yoyote. Ndani ya friji anahitaji saa 24 kwa kila paundi nne hadi tano, kwaiyo wa paundi 16 siku nne, toa friza Jumapili. Umechelewa? Mzamishe kwenye maji baridi akiwa ndani ya mfuko wake usiovuja, nusu saa kwa kila paundi, maji unabadilisha kila nusu saa, kwa wa 16 ni saa nane za kusimama pale sinki, halafu anapikwa hapo hapo hakuna kumrudisha. Mezani jikoni usimwache kabisa, nje anaanza kuharibika wakati katikati bado barafu.

*Shangazi habari za kazi. Mimi nabishana na mke wangu. Yeye anataka bata mzinga fresh, ile lebo imeandikwa natural na hana homoni, karibu dola 4 kwa paundi. Mimi naona yule wa kugandishwa wa senti 99 ni bata yule yule. Tuamulie.*
*Baba Mapacha, Dallas*

Nzuri mwanangu, ila ya ndani ya nyumba mimi naamua upande wa bei tu, mengine mmalizane.

Hiyo ya homoni muonyeshe mama mapacha kitu kimoja dukani. Tafuta maneno hayo kwenye lebo, halafu shuka kidogo kwa herufi ndogo, utakuta wamelazimika kuongeza kwamba sheria za shirikisho haziruhusu homoni kwa kuku na ndege wengine wa kufugwa. Maana yake yule wa senti 99 naye hana homoni, na hata angekuwa wa senti 20 hana. Kulipa zaidi kwa ajili ya hilo ni kulipia karatasi. Neno natural nalo kwa Wizara ya Kilimo yao, USDA, linamaanisha hakuna viungo bandia na hajachakatwa sana, basi, halisemi chochote kuhusu alivyofugwa. Organic ndio hadithi nyingine, hiyo ina cheti na kanuni za chakula alicholishwa, ukiamua kulipia hiyo sikusemi.

Fresh ni yule ambaye hajawahi kushuka chini ya nyuzi 26 za Fahrenheit, kama 3 chini ya sifuri kwa Selsiasi, na frozen ni wa sifuri Fahrenheit kushuka. Sasa usifikiri aliyegandishwa ni mabaki mabaya. Wanachinjwa mwaka mzima wanawekwa kwenye maghala ya baridi kusubiri Novemba, na anayegandishwa mapema anakaa vizuri kuliko fresh ambaye amezunguka kwenye lori na friji ya duka, na ambaye ukimnunua inabidi umpike ndani ya siku moja au mbili. Ukimpika vizuri, ndani ya paja na sehemu nene ya kidari ikafika nyuzi 165 za Fahrenheit, yaani 74 za Selsiasi, mimi sioni mgeni wa kunyanyua mkono mezani kusema huyu aligandishwa.

Lakini mkeo nae ana pointi moja ambayo labda hajaitaja. Bata wengi wa bei ya chini wamedungwa maji ya chumvi na viungo ili wasikauke, na unalipia hayo maji kwa bei ya nyama. Lebo lazima itaje asilimia, itafute, iko karibu na jina la bidhaa au kwenye orodha ya viungo. Ikisema hadi asilimia 8 na bata ni wa paundi 16, basi paundi moja na robo hivi ni maji. Kwa senti 99 ni dola moja na kidogo, potezea. Kwa dola 3 na kitu sasa hapo inauma, ukilipa bei ya juu hakikisha hana hiyo kitu. Na huyo wa maji usimloweke tena kwenye chumvi nyumbani, mtakunywa maji usiku kucha.

Kwa upande wa hela umeshinda. Usijisifu sana.

*Asalaam aleikum Shangazi, sisi tunakula halali tu, na kwenye zile ofa za supamaketi sioni halali hata mmoja. Nimeambiwa kuna banda wanauza ndege hai wanakuchinjia, dola 3 kwa paundi. Hiyo ni bei au?*
*Msomaji, Columbus, Ohio*

Waaleikum salaam. Kabla hujasema ni bei au sio bei uliza swali moja: paundi ya nani, ya akiwa hai au akishasafishwa? Sehemu nyingi za ndege hai wanapima akiwa na manyoya, damu, miguu, kichwa na tumbo lake lote, na vikiondoka hivyo uzito unapungua kama sehemu moja ya tano. Bata wa paundi 20 hai kwa dola 3 ni dola 60, unaondoka na nyama ya kama paundi 16, kwaiyo kiukweli umelipa dola 3.75 kwa paundi. Kisha uliza kuchinja na kunyonyoa kuna malipo yake au yamo. Ndo ulinganishe na buchani.

Buchani kwenye maduka ya halali wanaagiza waliogandishwa wenye cheti, ila hawa hawachezi ile michezo ya chambo, wateja wao ni wa kudumu na mzigo wao mdogo, kwaiyo usimsubirie ashushe dakika za mwisho, utakosa kabisa. Kinachosaidia ni kuagiza mapema na kuagiza wengi. Jikusanyeni familia tano sita za msikitini mmpelekee oda moja, mfanyabiashara akijua mzigo umeshauzwa kabla haujafika ana sababu ya kupunguza. Na kama wote hamjali sana lazima iwe bata mzinga, jamani mbuzi nae ana haki yake.

*Nimefika dukani siku ya pili tu ya ofa, bata wamekwisha, kijana anacheka ananiambia uwahi mwakani. Ni haki hiyo?*
*Mwenye Hasira, Houston*

Hasira zako zina sheria nyuma yake. Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, ina kanuni kwa maduka ya vyakula kwamba kilichotangazwa kwenye ofa kiwepo dukani muda wa ofa, labda tangazo lenyewe liwe limesema wazi kwamba mzigo ni mdogo. Kikiisha, duka linajitoa kwenye lawama kwa kukupa karatasi ya kuja kukichukua baadaye kwa bei ile ile, wanaiita rain check, au kukupa kingine cha thamani hiyo. Kwaiyo usibishane na kijana wa friza. Nenda kaunta ya huduma na kipeperushi mkononi uombe hiyo karatasi kwa jina lake, kwa upole, na usome kwanza kama wameandika "hadi mzigo utakapoisha" maana hapo wameshajikinga.

*Shangazi kwenye grupu letu la WhatsApp inazunguka linki ya vocha ya bata mzinga bure, unajaza jina na kadi ya benki. Nijaze?*
*Msomaji, Atlanta*

Usijaze, na umwambie aliyeituma aifute. Duka linalotoa bata bure linataka ununue, halitaki namba ya kadi yako. Kama mambo yamekaza kweli piga 211, ni namba ya bure ya kuelekezwa huduma za msaada mtaani kwako, watakuambia benki ya chakula ipi au kanisa gani linagawa na siku gani, wengine wanataka ujiandikishe mapema. Na wenye kadi ya EBT, ile ya msaada wa chakula wa serikali, bata mbichi au aliyegandishwa unanunua nayo, aliyepikwa akiwa wa moto hapana.

*Tuko wawili tu mimi na mume wangu, Shukrani tunaalikwa kwa watu, bata tunamtaka Krismasi. Tununue sasa au tusubiri?*
*Bi Harusi, Seattle*

Mna friza yenye nafasi? Basi mna bahati kuliko hao wote wa juu. Siku chache baada ya Sikukuu ya Shukrani maduka yaliyobakiwa na mzigo yanataka friza zao, pita pita Ijumaa, Jumamosi, hadi wiki inayofuata, angalia waliobandikwa stika ya punguzo. Hakuna uhakika, mwaka ambao mzigo ulikuwa mdogo hutakuta kitu, kwaiyo kama sasa hivi unayo ofa nzuri mkononi chukua leo umgandishe, aliyegandishwa ubora wake unakaa hadi mwaka mzima. Kinachokula hela kwa watu wawili ni kununua kidari peke yake ukifikiri ni kidogo ndio nafuu, kwa paundi huwa ghali kuliko bata mzima. Nunua mzima mdogo wa paundi 10 au 12, muulize mkata nyama wa dukani kama anaweza kukupasulia kwa msumeno akiwa bado barafu, wengi wanafanya bila malipo, nusu Krismasi nusu Pasaka. Ukimpasua wewe mwenyewe baadaye ingiza mkono ndani ya tumbo na upande wa shingo, kuna kifuko kina shingo, firigisi na maini, umeshavilipia kwenye uzito. Hiyo firigisi usimpe paka.